Mjadala: Mtoto akigoma kupanga vitu vyake, tumlazimishe au tumwache?

mama_wa_wawili: Wadau naomba tujadili hili bila matusi. Wanangu mmoja ana miaka 4 mwingine 7. Kila jioni sebule imejaa vipande vya kujengea, kalamu za rangi hazina vifuniko, soksi moja chini ya kochi nyenzake haijulikani ilipo. Nikisema pangeni, mdogo anajitupa chini, mkubwa anasema "si mimi niliyetoa". Nimeweka sheria, nahesabu mpaka kumi, kitakachobaki chini kinaingia kwenye sanduku na hakitoki mpaka wiki iishe. Mume wangu anasema ni ukatili, mi naona ndo malezi. Nyie mnasemaje?

Kigoda: Uko sahihi kabisa. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyejua kurudisha kalamu leo ndo yule kesho anaacha sahani mezani anasubiri aondolewe.

nusu_saa: Samaki akikunjwa halii, mtoto analia. Wa miaka 4 ukimwambia "panga sebule" hajui hata aanzie wapi. Mpe kitu kimoja, kalamu zote kwenye kopo, akimaliza ndo unasema haya sasa vitabu, na wewe ukae naye hapo chini mpange wote. Maria Montessori, yule daktari na mwalimu wa Italia, alivofungua ile shule yake ya "nyumba ya watoto" Roma, 1907, alitaka samani na makabati ya kimo chao, wanatoa wenyewe wanarudisha wenyewe, na walikuwa watoto wa mtaa wa maskini. Sanduku si baya sana, hiyo ya kuhesabu mpaka kumi ndo kutisha tu. Halafu samahani, ila naona kama wewe ni wale mnaopanga upya watoto wakilala.

mama_wa_wawili: Hiyo ya mwisho imetokea wapi?? Ndio napanga upya, kuna ubaya gani? Nguo akikunja yeye inakuwa bonge, droo haifungi. Nilale droo iko wazi?

Tulia_Kwanza: Ubaya upo dada. Mpwa wangu alikunja fulana zake mwenyewe, mikono inaning'inia nje lakini kazipanga kwa rangi, muda wote ulimi nje kwa kukazana. Mama yake akazikung'uta zote akakunja upya, mtoto kasimama pale pale anaangalia. Tangu hapo ukimwambia akunje anajibu "wewe si unajua".

Kigoda: Sasa tumeingia kwenye kubembeleza. Mwambie haijakunjika, rudia, basi. Siku hizi wazazi mnaogopa watoto. Mi wangu nawalipa, kitanda kimetandikwa anapata chenji, hakijatandikwa hapati, na nyumba yangu haina kelele.

kalamu_nyekundu: Kulipa hapana jamani. Kuna ule utafiti wa watoto wa chekechea, waliahidiwa zawadi wakichora, baadae wakaacha kabisa kuchora, nadhani ni wa miaka ya 80.

nusu_saa: Ni 1973, Lepper na wenzake. Na hawakuacha, hamu ilipungua, tena kwa wale walioahidiwa kabla tu, waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa. Ni kweli wale walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo na kutandika kitanda si kuchora, lakini hata kusaidia watoto wanapenda. Utafiti wa Warneken na Tomasello, 2006, watoto wa miezi 18 wanamwokotea mtu mzima kitu alichodondosha asichokifikia, bila kuahidiwa chochote. Umri huo akishika ufagio tunamwambia toka hapa unanichelewesha, akifika 7 tunashangaa mbona hasaidii.

Kigoda: Unaniletea watu wa maabara. Wewe umelea wangapi?

nusu_saa: Jibu hoja mkuu, watoto wangu waache.

baba_ndani: Mi nimesoma komenti zote, anayesemwa ni mama tu. Mume kasema ukatili, sawa, jioni hiyo yeye alikuwa wapi? Viatu vyake viko wapi? Mtoto anakopi anachokiona.

mama_wa_wawili: Viatu viko katikati ya mlango na koti juu ya kiti. Ila sikuja hapa kumsema mume wangu.

Kigoda: Mtu katoka kazini kachoka mnamdai viatu!

mama_wa_wawili: Na mimi natoka wapi?

baba_ndani: Kigoda, swali dogo tu. Una watoto wa kike na wa kiume, wote wanafanya kazi sawa kwa hiyo chenji?

Kigoda: Binti vyombo na kufagia, kijana anaosha gari. Kazi nzito hiyo.

baba_ndani: Gari linaoshwa kila siku?

Kigoda: Jumamosi. Sasa hiyo inahusiana nini na mada?

Tulia_Kwanza: Inahusiana sana. Jumatatu mpaka Ijumaa sahani ya kijana anaosha nani?