Naombeni ushauri: mashindano ya gofu ya wanawake kwenye baridi ya Uskoti

Dada zangu mnaocheza gofu Ulaya, habari zenu. Mimi nilijifunzia Lugalo, Dar, ambako adui alikuwa jasho. Sasa niko Uskoti, na huu ni msimu wangu wa kwanza wa baridi kwenye klabu ya wanawake. Kila Jumanne tuna Stableford (mashindano ya kuhesabu pointi kwa kila shimo) ya mashimo 9 tu, maana Desemba jua huku linazama kabla ya saa kumi jioni.

Kanuni ya kuokota mpira kwenye nyasi fupi, kuufuta tope na kuuweka tena jirani nimeielewa. Kinachonishinda ni kimkeka. Tunatakiwa tupigie juu yake ili nyasi zisiumie, kama wanavyofanya kwenye uwanja wa Old Course wa St Andrews, na mpira wangu unatoka chinichini kama sungura aliyefukuzwa. Nisimame karibu zaidi, au nibadilishe fimbo?

Halafu mikono. Nikivaa glovu nene siisikii fimbo. Nikizivua, kufika shimo la tatu vidole vimekufa ganzi. Na umbali umepungua: pale nilipotumia fimbo ya chuma namba 7 mwezi wa nane, sasa hata namba 5, ambayo hupeleka mpira mbali zaidi, haifiki. Ni mpira kupoa, au ni haya masweta matatu?

Nahodha wetu ananiambia nipumzike hadi Aprili. Sitaki, Jumanne ndiyo siku yangu ya kucheka na watu. Nyie mnavaaje, na mnapiga vipi?