Mbio za farasi: dau la kushinda, la pande mbili, au la chungu? Na hawa watangazaji je?

Kwato_Nne:
Wakuu, heshima kwenu. Nimehamia huku kutoka kwenye mikeka ya mpira, huu mwaka wa pili, na bado naliwa kwa namna ambazo hata sizielewi. Jumamosi niliweka 200 kwa farasi wa odi 14 kwa 1, hendikapu (mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) ya farasi 18. Mbio za dakika mbili kasoro, jina lake sikulisikia hata mara moja. Mtangazaji kawang'ang'ania wawili wa mbele, akiwachoka anarudi kwa yule wa odi ndogo aliyekuwa amezama katikati ya kundi wala hana dalili ya kusogea. Nikajihesabu nimeliwa, nikainuka kwenda kunywa maji. Narudi, farasi wangu wa tatu! Jina nimelisikia wakati wanasoma matokeo.

Na hata ningemwona, nisingepata kitu. Dau langu lilikuwa la kushinda tu.

Sasa nisaidieni kulinganisha. Uwezo wangu ni 200 kwa mbio moja, haiongezeki. Nibaki na dau la kushinda? Nihamie pande mbili, nusu ashinde na nusu aingie kwenye nafasi, yaani awe kati ya wa mbele wanaolipwa? Au nitie kwenye chungu cha pamoja, ile wanayoiita tote, nipange trifekta ya watatu wa mbele? Na la pili: ni mimi peke yangu, au watangazaji wa farasi wana ugomvi na kila farasi ninayemchagua?

Mzee_wa_Hatamu:
Pole kijana. Hesabu kwanza, malalamiko baadaye.

Dau la pande mbili ni madau mawili yaliyofungwa kamba moja. Hiyo 200 inakatwa: 100 ashinde, 100 aingie nafasi. Kwa kanuni za kawaida za Uingereza, hendikapu ya farasi 16 na kuendelea inalipa nafasi nne, kwa robo ya odi. Farasi wako wa 14 kwa 1 akiwa wa tatu, ile 100 ya kushinda imekwenda na maji. Ya nafasi inalipwa 3.5 kwa 1, yaani 350, na 100 yenyewe inarudi. Ungetoka na 450 badala ya kutoka na glasi ya maji.

Ila usikimbilie. Mbio zisizo za hendikapu, farasi wanane au zaidi, hulipa nafasi tatu kwa moja ya tano ya odi. Mchukue farasi wa 3 kwa 1 humo, umwekee pande mbili, ashike nafasi ya pili. Unashangilia, unafungua akaunti, unakuta 160. Uliweka 200! Farasi kajitahidi, wewe umepoteza 40. Wa 5 kwa 1 atakurudishia 200 kamili, maana yake umefanya mazoezi ya moyo bure. Ndiyo maana mimi farasi wa chini ya 8 kwa 1 simwekei pande mbili. Namwamini ashinde, au namwacha.

Mtego mwingine ni idadi. Mbio zina farasi wanane, umeweka dau lako ukihesabu nafasi tatu, asubuhi mmoja anaondolewa. Wamebaki saba, nafasi zimekuwa mbili. Nimeshaliwa hivyo zaidi ya mara moja na sina wa kumlaumu. Hesabu farasi dakika ya mwisho, usitegemee orodha ya jana usiku.

Binti_Shoti:
Shikamoo Mzee. Hapo umemaliza, ila chungu umekiruka.

Kwato, kwenye chungu hushindani na kampuni, unashindana na wabeti wenzako. Hela zote zinaingia sehemu moja, waandaaji wanachota chao, kilichobaki wanagawana waliopatia. Mfumo huu ulianzia Ufaransa karne ya 19, na Marekani hadi leo ndio unaotawala viwanjani. Ubaya wake, odi unazoziona saa hizi si zako. Unaweza kuweka kwa 9 kwa 1, mageti yanafunguka umeshateremshwa hadi 6 kwa 1 kwa sababu watu wamejaza hela dakika ya mwisho.

Uzuri wake unaonekana kwa farasi asiyetakiwa na mtu. Grand National ya 1967, mbio za kuruka viunzi kule Uingereza, uwanja wa Aintree, Foinavon alikuwa nyuma huko hana matumaini. Kwenye kiunzi cha 23 farasi mmoja asiye na mpanda akakatiza mbele ya wenzake, wakarundikana kama nguo za kufua. Foinavon, kwa kuwa alikuwa amechelewa, akapata muda wa kupita pembeni, akaruka peke yake na hakukamatwa tena. Kampuni zililipa 100 kwa 1. Chungu kililipa 444 kwa 1. Farasi yule yule, mbio zile zile. Kiunzi chenyewe sasa kinaitwa kwa jina lake.

Mkeka_Mzima:
Nyie mnacheza na vichele. Trifekta ndiyo baba yao! Unataja wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa mpangilio, ukipatia unahama mtaa. Mimi nachukua farasi watano, nawachanganya wote, popote watakapoangukia nimo.

Binti_Shoti:
Nimo kwa bei gani, kaka? Farasi watatu ukiwachanganya ni mipangilio 6. Wanne ni 24. Watano ni 60. Igawe 200 ya Kwato kwa 60, kila mpangilio unapata 3 na chenji. Ukipatia, ni hiyo 3 pekee iliyoshinda, zile nyingine 59 zimeliwa. Juu yake, waandaaji huchota zaidi kwenye madau ya kuunganisha. Churchill Downs, uwanja wa Marekani kunakofanyika mbio kubwa za Kentucky Derby, tangu 2014 wanachota asilimia 17.5 kwenye dau la kushinda na asilimia 22 kwenye eksakta (wawili wa mbele kwa mpangilio) na trifekta. Hiyo inaondoka kabla farasi hajanyanyua mguu.

Mkeka_Mzima:
Dada unaua ndoto za watu.

Zima_Sauti:
Naomba niingie kwa suala la watangazaji, maana mnalichukulia kama utani na ndilo linalomla Kwato.

Ukiwa unajifunza farasi kwa kusikiliza, unajifunza farasi wa aina mbili tu: wanaoongoza na wa odi ndogo. Hao ndio wanaotajwa. Mbio zikiisha, kichwani mwako wamebaki hao hao, na wiki ijayo ndio unaowawekea hela. Na kila mtu kawasikia hao hao, kwa hiyo odi zao zimeshakandamizwa. Farasi wa odi ndogo kuliko wote hushinda kama mara moja katika kila mbio tatu, lakini ukimfuata kila siku bila kuchagua, akaunti inakauka. Bei yake haitoshi kufidia zile mbili anazoshindwa.

Angalia Kentucky Derby ya 2009. Uwanja umelowa, matope. Mine That Bird, odi 50 kwa 1, alianza mbio akiwa wa mwisho kabisa, kaachwa. Joki wake, yaani mpanda farasi, Calvin Borel akampitisha kwenye uzio wa ndani, mahali ambapo wengine hawakutaka kupita, akawameza mmoja mmoja. Alishinda kwa urefu wa farasi sita na robo tatu. Sikiliza marudio: kwenye mnyoosho wa mwisho jina lake linatajwa akiwa ameshaongoza! Macho ya watu milioni kadhaa yanaona farasi anakuja kama kafunguliwa kamba, na sauti inazungumzia wengine. Mwaka 2022 tena, Rich Strike, 80 kwa 1, ameingia kwenye mbio siku moja kabla baada ya mwenzake kuondolewa. Kutajwa kwake kama mshindani kulikuja mita za mwisho kabisa. Waliomwekea dola 2 ashinde walilipwa dola 163.60. Sidhani kama kuna aliyeelekezwa na mtangazaji.

Dawa yangu ni jina langu. Tazama marudio bila sauti, mara mbili. Ya kwanza tazama mbio. Ya pili mtazame aliyemaliza wa nne hadi wa nane: nani alizibiwa njia, nani alizungushwa nje kwenye kona, nani joki aliacha kumsukuma mapema. Hao ndio wenye bei wiki ijayo.

Lijamu:
Zima_Sauti, hapo kwenye marudio tuko pamoja. Ila watangazaji mnawaonea.

Nimewahi kushika maiki kwenye mashindano ya baiskeli, watu ishirini tu, jezi zenye namba kubwa mgongoni, na nilitaja mtu aliyekuwa ameshajitoa. Sasa fikiria mtangazaji wa farasi. Ana darubini, ana dakika chache za kukariri rangi za jezi za majoki kabla ya mbio hizi, halafu azisahau zote akariri za mbio zinazofuata. Grand National siku hizi ni farasi 34, na kabla ya 2024 walikuwa hadi 40. Mmiliki mmoja kama J.P. McManus anaweza kuwa na farasi kadhaa humo, wote kijani na dhahabu, tofauti ni kofia. Ongeza mvua na tope, kofia zote zinakuwa rangi moja.

Na hiyo habari ya Foinavon, Binti_Shoti, umeacha utamu wake. Aliyekuwa na maiki sehemu ile ya uwanja alikuwa Michael O'Hehir. Kabla ya mbio alipita chumba cha kupimia uzito, akaona joki amevaa rangi asizozitambua, nyeusi yenye mikanda myekundu na ya njano. Akamuuliza. Ni John Buckingham, anampanda Foinavon. Basi lundo lilipotokea na kila mtu kachanganyikiwa, yeye akamtaja papo hapo. Kazi ya mtangazaji hufanyika kabla ya mbio. Mwenye uvivu ndiye anayebaki kushikilia wawili wa mbele.

Zima_Sauti:
Kwa hiyo tunakubaliana. Wengi ni wavivu.

Lijamu:
Sijasema hivyo.

Zima_Sauti:
Umesema kwa upole. Mimi yule anayeniudhi kuliko wote ni wa kupandisha sauti mapema. Zimebaki mita 600, kashapaza kama mbio zimeisha, farasi wa mbele anachoka, hewa imemwishia mtangazaji, na pale wanapokutana watatu mstarini hana tena mahali pa kupandia. Na mwingine wa kumwambia kila anayeongoza kuwa "ana mengi bado kibindoni". Kaka, umekaa naye kibandani?

Mzee_wa_Hatamu:
Niseme moja kuhusu sauti, kisha nirudi kwenye dau. Wapo vijana wanabeti mbio zikiendelea, wakisikia jina limepaa wanabonyeza. Picha ya kwenye simu inachelewa sekunde kadhaa. Aliyeko uwanjani ameshaona farasi kachoka, wewe ndiyo kwanza unasikia anapongezwa. Hapo unanunua hasara ya mwenzako kwa hiari yako.

Kwenye dau, Kwato, usianze na aina ya mkeka. Anza na farasi, halafu mkeka utajichagua. Nani anaipenda nyasi laini na nani anataka ngumu? Umbali huu amewahi kuumaliza? Amebebeshwa uzito gani? Geti lake ni namba ngapi? Uwanja wa Chester kule Uingereza, kwa mfano, ni mduara mdogo wa maili moja na kidogo, kona haziishi. Mbio fupi pale, wa mageti ya ndani wana faida ya wazi, na farasi mzuri aliyepangwa nje kabisa namsamehe akishindwa. Huyo huyo nikimkuta wiki mbili baadaye kwenye uwanja ulionyooka, watu wanaona tu "alimaliza wa tisa", odi imepanda, namchukua ashinde.

Hendikapu kubwa kama hiyo yako ya 18, odi kuanzia 12 kwenda juu: pande mbili. Mbio ndogo za farasi sita au saba: kushinda, au kaa pembeni. Chungu nakitumia nikiwa na farasi ambaye hakuna mwingine anayemtaka, na trifekta mara moja kwa mwaka, kwa hela ambayo hata ikidondoka barabarani siigeukii.

Binti_Shoti:
Naunga mkono, ila 100 kwa 1 kila wiki pia ni ugonjwa. Foinavon tunamkumbuka kwa sababu ni mmoja. Watu hupenda odi kubwa kupita kiasi, kwa hiyo hata hizo odi kubwa mara nyingi ni ndogo kuliko zinavyostahili. Kati ya 10 na 20 ndiko ninakokaa mimi.

Kwato_Nne:
Nimerudi wakuu. Nimetazama marudio ya Jumamosi bila sauti, mara tatu badala ya mbili. Nimeona mambo.

Farasi wangu alizibiwa njia mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kona, joki akavuta hatamu hadi kichwa cha farasi kikainuka. Mara ya pili zikiwa zimebaki mita kama 300, ukuta wa farasi wanne mbele yake, akasubiri, akatoka nje, akaja shoti. Kutoka wa kumi na moja hadi wa tatu. Yule wa odi ndogo tuliyekuwa tunaimbiwa alimaliza wa kumi.

Na nimemwona mwingine, wa sita, jezi nyeupe yenye nyota. Huyu joki alikuwa amekaa tu, hakumgusa kwa fimbo hata mara moja. Nimeandika majina yote mawili kwenye daftari. Wakitokea tena kwenye hendikapu kubwa, 100 ashinde na 100 nafasi, kama Mzee alivyosema.

Mkeka_Mzima:
Wa jezi ya nyota anaitwa nani mkuu?

Kwato_Nne:
Tazama marudio, kaka. Nikimtaja hapa odi itashuka.