Wakuu, programu yangu ya mizani inaongeza kilo za korosho. Nimekosea wapi?

Karani wa Mizani:
Habari za saa hizi wakuu. Nipo Tandahimba, kwenye ghala la chama cha msingi, jina la chama tuliache. Kazi yangu ni mizani: mkulima anashusha gunia, napima, naandika kwenye kitabu cha stakabadhi, yeye anaondoka na karatasi yake, nakala inabaki kitabuni. Msimu uliopita kujumlisha jioni kwa kikokotoo kulinitoa jasho, nikaamua mwaka huu nijiandikie kaprogramu. Laptopu ya ghalani ni Windows 7 na intaneti hakuna, kwa hiyo nilileta Python 3.8, lugha ya kuandikia programu, kwa fleshi. Matoleo ya baada ya hapo hayakubali Windows 7.

Nimetumia moduli ya cmd, inakuja humohumo ndani ya Python. Unaipa klasi, na kila fanksheni inayoanza na do_ inageuka kuwa amri. Inakusubiri, unaandika, inatenda, inakusubiri tena. Hii hapa, nimeifupisha:

```
import cmd

class Mizani(cmd.Cmd):
    prompt = 'mizani> '

    def do_pokea(self, line):
        namba, kilo = line.split()
        hifadhi(namba, float(kilo))

    def do_jumla(self, line):
        print(jumla_ya_leo())

    def do_toka(self, line):
        return True

Mizani().cmdloop()
```

Siku za mwanzo mambo safi. Juzi lori limeenda ghala kuu, karatasi ya kule inasema kilo 11,862. Yangu inasema 12,190. Tofauti kilo 328! Katibu kanitazama kwa jicho ambalo kila karani wa huku analijua. Kilo zikipungua hapa watu wanawaza wizi kwanza, kompyuta baadaye kabisa.

Nimepekua data nikakuta jozi tano za mistari iliyofanana, namba ileile ya mkulima, kilo zilezile. Nikitoa mmoja kwenye kila jozi napata 410, si 328. Naapa sikuandika mara mbili. Halafu jambo la pili: kijana aliyenishikia zamu aliandika 82,5 kwa mkato badala ya nukta, programu ikafa yote na maandishi mekundu meupe sijui nini. Naombeni mwongozo, Jumatano lori linaondoka tena.

Baba Chuma:
Hii si Excel tu mkuu? Unajitesa bure.

Karani wa Mizani:
Excel ndiyo niliyoikimbia. Mtu akigusa seli akafuta fomula, utajua baada ya wiki.

Mwana Lukuledi:
Mkuu, swali moja kabla sijasema kitu. Ukiandika pokea 0417 81.5 ukapiga Enter, skrini inakujibu nini?

Karani wa Mizani:
Haijibu kitu. Inarudi mizani> basi.

Mwana Lukuledi:
Na wewe unafanyaje hapo?

Karani wa Mizani:
Mara nyingi naendelea na gunia linalofuata. Ila wapagazi wakipiga kelele nikapoteza mawazo, napiga Enter nyingine nione kama imeingia.

Mwana Lukuledi:
Haya, mwizi umemshika mwenyewe.

Kwenye moduli ya cmd, mstari mtupu si kimya. Klasi inakumbuka amri ya mwisho kwenye lastcmd, na ukipiga Enter bila kuandika chochote inaita fanksheni iitwayo emptyline, ambayo kwa kawaida yake inarudia amri hiyo ya mwisho. Kwa hiyo ile Enter yako ya kuhakikisha ndiyo iliyompa mkulima gunia la pili. Hawakukosea walioitengeneza hivyo: pdb, kile chombo cha kukagua programu hatua kwa hatua, kimejengwa juu ya cmd hiihii, na mkaguzi anataka aandike n (nenda mstari unaofuata) mara moja kisha Enter, Enter, Enter. Kwa mizani ni balaa. Dawa yake mistari miwili, ndani ya klasi yako:

```
    def emptyline(self):
        pass
```

Lakini usiishie hapo. Ulipiga Enter ya pili kwa sababu programu yako ni bubu. Baada ya hifadhi weka print imtajie aliyeko mezani namba, kilo, na ni gunia la ngapi leo. Akishajibiwa hatakuwa na sababu ya kugonga tena.

Hilo la mkato: float('82,5') inatupa ValueError, yaani kosa la thamani isiyosomeka, na kosa lisilodakwa linaivunja cmdloop nzima, ule mzunguko wa kusubiri amri. Lidake sehemu moja, kwenye onecmd ambako kila amri inapitia, siyo kwenye kila amri:

```
    def onecmd(self, line):
        try:
            return super().onecmd(line)
        except ValueError:
            print('SIJAANDIKA KITU. Rudia.')
```

Hilo neno return usilisahau. Ukiliacha, toka haitatoka, maana cmd inaacha kuzunguka pale tu inaporudishiwa True. Na hifadhi ibaki ya mwisho baada ya ukaguzi wote, la sivyo itasema haijaandika kumbe imeandika.

Baba Chuma:
Si ageuze mkato kuwa nukta tu, kilo.replace(',', '.'), kijana asisumbuke?

Mwana Lukuledi:
Kisha siku wakipima mzigo wa jumla mtu aandike 1,082, mashine iandike kilo moja na ushee. Bora ikatae.

Bi Shazia wa Lindi:
Nami nina la kuongeza maana limenikuta. Mimi niliandika ya aina hiyo kwa ajili ya mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, nikataka niandike jina la kijiji badala ya namba. Ukitumia split majina yenye maneno mawili yanakatika, nikashauriwa shlex.split, inayoheshimu alama za nukuu. Ikaenda vizuri hadi nilipofika Ng'apa. Ikagoma: No closing quotation. Ile alama ya ng' inadhani umefungua nukuu ukasahau kuifunga! Nusu saa nzima nilikuwa nahesabu mabano ambayo hayakuwa na kosa.

Nilichofanya: nikaachana na shlex, nikaweka kilo mwishoni na kukata kutokea kulia, kijiji, kilo = line.rsplit(maxsplit=1). Kinachobaki kushoto ni jina, liwe na nafasi au ng'. Wewe kaa na namba za wanachama kama ulivyo, ila kumbuka siku ukibadili mawazo.

Mhasibu Mstaafu:
Vijana mmemaliza ya kompyuta, sasa ya vitabu. Ndugu karani, usifute hata mstari mmoja. Ukifuta, katibu atauliza ulifuta nini, na utakosa cha kumwonyesha. Andika mstari mpya wa kurekebisha wenye kilo hasi na sababu yake. Na usidhani kila jozi ni kosa: mkulima anaweza kuleta magunia mawili yenye uzito mmoja. Chukua kitabu cha stakabadhi, hesabu nakala za kila namba. Karatasi ndiyo itakayosema. Kama programu yako inaweka saa, tazama na saa: hakuna wapagazi wanaoshusha gunia, kulipandisha na kulipima ndani ya sekunde tatu.

Karani wa Mizani:
Wakuu, nimerudi. Mzee mstaafu Mungu akupe maisha marefu. Nimekaa na kitabu tangu saa kumi. Jozi nne zina nakala moja moja tu: 81.5, 83, 82 na 81.5. Jumla 328 kamili, sawasawa na tofauti ya lori. Jozi ya tano, ya kilo 82, ina stakabadhi mbili zinazofuatana, mama mmoja kaleta magunia mawili kweli. Ningefuta kwa kubahatisha ningemdhulumu.

Saa sikuwa naweka. Nimeshaiweka. Katibu nimemkalisha mbele ya laptopu, nikapiga Enter tupu mara kumi mbele yake, hakuna kilichoongezeka. Hakusema pole, ila kaniagizia chai. Swali la mwisho: kwenye maelezo wanasema kitufe cha Tab kinamalizia amri, kwangu kinaruka nafasi tu.

Mwana Lukuledi:
Hiyo inategemea moduli ya readline, na Python ya Windows haiji nayo. Ipo pyreadline3 ya kuongeza, unaweza kuibeba kwa fleshi. Ila amri zako ni tatu, mkuu, Tab ya nini?

Karani wa Mizani:
Kweli. Naiacha. Jumatano lori likirudi naleta namba za karatasi hapa.