Jumamosi zetu za mtori zinataka kugeuzwa sherehe ya tarehe 17 Mei. Naombeni ushauri

Mtori_wa_Jumamosi

Habari za jioni wakuu. (Nimehariri: nimetoa mtaa na kozi, asanteni mlioniambia.)

Niko chuo hapa Moshi, nimepanga nje, chumba na sebule. Mwaka jana rafiki yangu, nimwite R, alitolewa vitu nje na wenzake wa hosteli baada ya mmoja wao kushika simu yake na kusoma meseji. Meseji zilitoka kwa kijana mwenzake. Hakuna aliyempiga, ila saa nne usiku godoro lake lilikuwa koridoni na mvua inanyesha. Akaja kwangu na begi la shule na pasi ya nguo. Kwa nini alibeba pasi, hadi leo hajui.

Kwetu mtori ni wa mzazi na mgonjwa. Jumamosi ile nikampikia. Jumamosi iliyofuata akaja na mwenzake mmoja. Sasa tuko sita. Kila mtu anatoa elfu mbili, ndizi mshare na mifupa tunanunua Mbuyuni, tukishashiba tunacheza arubastini. Kusema kweli "mambo hayo" hatuyaongelei sana. Tunaongelea sapu za mitihani, bumu la mkopo lililochelewa, na nani kaulizwa na mama yake ataleta lini mkwe. Ila ndiyo sehemu pekee R anacheka kwa sauti yake mwenyewe. (Mimi niko upande gani, naomba msiniulize. Sijaleta hilo.)

Muhula huu kaja mmoja, nimwite T. Ana moyo, ana maneno, kila mtu anampenda. Kafungua kundi la WhatsApp, juzi nimehesabu watu 43. Anataka Jumamosi ya tarehe 17 Mei, siku ya dunia ya kupinga chuki kwa watu kama R, tukodi ukumbi wa loji nje kidogo ya mji, DJ, fulana za rangi, keki, na wenzetu wa Arusha waje kwa Coaster. Tangazo limeshachorwa. Nilipomwambia naogopa, alinijibu mbele ya wote: "Wewe dada unataka tule mtori mpaka tuzeeke." Wakacheka. Nikacheka na mimi, halafu usiku nikalia.

Nimkatalieje bila kumvunja? Nikijitoa, Jumamosi zetu ndiyo zimekufa? Na kingine, R tangu Pasaka halali vizuri. Anakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Nimpeleke wapi?

Sina_Makuu

Wazazi wanauza ng'ombe mkasome, nyie mnapanga keki. Haya.

Mangi_Asiye_na_Kihamba

Sina_Makuu, ng'ombe wa nani? Mwenzio kaeleza mtu hapati usingizi, wewe umeona keki tu.

Wakili_wa_Kijenge

Dada, nianze na sheria ili tujue tunaogopa nini hasa.

Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu tendo lenyewe, yaani kujamiiana kinyume na maumbile. Kifungo hakipungui miaka 30 na kinaweza kufika maisha. Ukali huo ulikuja na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kabla ya hapo ilikuwa miaka 14. Zanzibar wana sheria yao, na wenyewe wanawataja hata wanawake. Lakini huku Bara hakuna kifungu kinachosema kumpikia mtu mtori ni kosa, wala kuwa na rafiki, wala kukaa watu sita sebuleni na karata.

Sasa usiniwekee maneno mdomoni. Usiku wa kukamatwa hakuna anayefungua kitabu cha sheria kwanza. Mwaka 2017 mawakili na wanaharakati walikamatwa Dar es Salaam wakiwa kwenye kikao hotelini, mchana kweupe. Walikuwa wanazungumzia kesi. Waafrika Kusini watatu waliokuwa pale wakafukuzwa nchini. Mwaka 2018 Paul Makonda, akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka wanaodhaniwa ni mashoga na kuomba wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilitoka na tamko kwamba yale ni mawazo yake, si msimamo wa serikali. Tamko lilikuja, ila kuna watu walikuwa wameshahama nyumba.

Kwa hiyo ukumbi wa kukodi, tangazo lenye tarehe na orodha ya watu 43 ni ushahidi unaojikusanya wenyewe. Kitu cha kwanza kuchukuliwa ni simu. Mwambie T hivyo, taratibu, mkiwa wawili. Ukimwambia mbele ya watu atalazimika kushinda.

Kijana_wa_Njiro

Nathibitisha hilo la simu. Huku Arusha kulikuwa na kundi kama hilo, sisi tulikuwa thelathini na kitu. Mmoja aliingizwa na rafiki wa rafiki, picha yake ya wasifu ni mlima Meru, hakuwahi kuandika neno. Baada ya mwezi mshikaji wangu akatumiwa skrinishoti za alichoandika mle, na ujumbe: tuma laki tatu au baba yako anazipata. Akatuma. Wiki mbili baadaye akaombwa tena. Akauza laptopu wiki ya mitihani.

Anayelipa mara moja ameshaandikwa kwenye daftari. Siku hizi namwambia kila mtu: usilipe, usijibizane, tunza ushahidi, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Ni kosa kumtishia mtu kwa njia hiyo, ila sote tunajua kwa nini hatukukimbilia kituoni.

Mimi Coaster hiyo siipandi, samahani T kama unasoma.

Bibi_Maua

Msisumbue akili. Mpelekeni huyo R kwa mchungaji aombewe. Huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na Mungu anaponya. Nasema kwa upendo.

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo Bibi Maua. Nakusikia, na sikatazi maombi, mimi mwenyewe nasali. Ila kwenye ugonjwa hapana. Tarehe 17 Mei anayoitaka T haikuokotwa barabarani: siku hiyo mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliutoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani walishautoa kwao mwaka 1973. Hakuna wodi ya kuutibu kwa sababu hakuna cha kutibu.

Kinachotibika ni kule kutolala. Dada, mtu asiyelala tangu Pasaka usimwache afike mitihani hivyo. Muulize kama anakula, kama ameacha vitu alivyokuwa anapenda, na muulize wazi, kwa maneno haya haya, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, watu wengi wanaogopa bure. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo.

Hospitali za rufaa na za mkoa zina kitengo cha afya ya akili. Akifika halazimiki kuanza na meseji na godoro. Aseme: silali, sina hamu ya kula, nilifukuzwa chumba na wenzangu. Hayo yote ni kweli na yanatosha kuanza. Mengine atayasema akishamsoma anayemsikiliza. Sitakudanganya kwamba kila mhudumu ana mdomo mzuri. Tupo wenye mdomo mzuri na wapo wengine. Mkikutana na mbaya, ondokeni mrudi siku nyingine zamu ikibadilika.

Na dawati la jinsia la chuo, kama lipo, linaweza kumsaidia kwenye kufukuzwa chumba bila kueleza sababu yote. Kutoa godoro la mtu nje usiku ni ukatili hata angekuwa nani.

Bibi_Maua

Marahaba mwanangu. Hilo la kujidhuru sikulijua. Bado nitamwombea.

Nilisoma_Kepi

Nimesoma Cape Town miaka mitatu. Wiki ya kupokea wanafunzi wapya vyama vyote vinaweka meza uwanjani: chama cha kupanda milima, cha Waislamu, cha mdahalo, na meza yenye bendera ya rangi. Mara ya kwanza nilipita mbali nayo kama nimeona nyoka. Kule katiba yao ya mwaka 1996 imewataja waziwazi kwamba wasibaguliwe, na ndoa zimeruhusiwa tangu 2006, kwa hiyo T akitamani ukumbi na muziki namwelewa kabisa. Nilicheza pale mpaka viatu vikaachia soli.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni kingine. Hata kule, sisi wa kutoka nchi za huku tulikuwa tunaomba kibandiko chekundu cha kifuani, maana yake usinipige picha. Waandaaji walikuwa navyo tayari, kwa sababu walishajua picha ya Cape Town usiku inafika Moshi asubuhi.

Mama_Mwenye_Nyumba

Mimi nina wapangaji wanane, wanafunzi watupu. Mwanangu, mwenye nyumba anajua zaidi ya unavyodhani. Anajua nani analipa umeme, nani anatupa maganda ya ndizi pale yasipotakiwa. Nani anakuja kula Jumamosi hatuhangaiki nalo mpaka pawe na kelele au pawe na mgeni asiyesalimia. Waambie wageni wako wasalimie. Ninayo yangu niliyoyaona na nikanyamaza, na nyumba bado imesimama.

T_Mwenyewe

Ni mimi. Nimetumiwa huu uzi. Kwanza nilikasirika, nikaenda kuoga, nimerudi.

Dada, nisamehe kwa lile la mtori. Nililisema watu wacheke na walicheka, nikakuona macho.

Lakini naomba nisikilizwe na mimi. Mtori wenu una viti sita. Mwaka wangu wa kwanza wote nilikuwa nalala hosteli, dakika kumi kwa miguu kutoka hapo, na sikujua kama mpo. Nilikuwa nakula peke yangu na simu. Nilishawahi kusimama darajani jioni moja, sitaandika zaidi. Nyie mlikuwa mnacheza arubastini. Sio kosa lenu, mngejuaje. Ila mkiniambia "tukae kimya, ni salama", najiuliza salama kwa nani. Kimya kinamlinda aliyeshaingia. Aliye nje anakiona kama ukuta tu. Tangazo nililichora kwa ajili ya huyo wa mwaka wa kwanza.

Nesi_wa_Zamu

T, asante kwa kuandika hilo la darajani. Kama likirudi, hata leo usiku, nenda kwa mtu, usiende kwenye simu.

Wakili_wa_Kijenge

T, umenipiga pazuri. Sina jibu la sheria kwa hilo.

Nilisoma_Kepi

Mimi nalo moja. Aliyenivuta kule si meza yenye bendera. Ni kijana mmoja wa darasani ambaye, watu walipomcheka mwenzetu mmoja anavyotembea, alisema tu "mwacheni bwana" na kuendelea kuandika. Nikamkalia karibu muhula mzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasikiliza nani anacheka na nani hacheki. Huko hosteli mko wangapi mnaoweza kutocheka?

Kijana_wa_Njiro

Na msijaze 43 kwenye kundi moja. Futeni lile. Watu sita wajue sita. T anajuana na mtu wa Arusha, huyo ni mimi naona, basi nitaanza sufuria yangu huku. Sijui kupika mtori, nitapika pilau.

Mangi_Asiye_na_Kihamba

Pilau si ya kuponyea mtu lakini sawa.

Mtori_wa_Jumamosi

Wakuu, mrejesho.

Nilikaa na T jana nje ya duka la dawa, mvua imetuzuia wote. Tumeongea mpaka duka likafungwa. Ukumbi umeachwa, ile hela ya kutanguliza alikuwa hajailipa, na mimi nilidhani ameshalipa. Kundi limefutwa. Fulana mbili zilishachapwa, moja anavaa ndani ya sweta, ni baridi siku hizi hakuna atakayemuuliza.

R tulikwenda hospitali Jumatano. Nilikaa kwenye benchi la nje, aliingia peke yake, akakaa humo dakika arobaini. Ana tarehe ya kurudi. Usiku wa juzi alilala hadi saa kumi na moja.

T ana watu wawili wa mwaka wa kwanza. Hakuwauliza chochote, mmoja alimwomba notisi, mwingine ni yule wanayemcheka hosteli. Kawaambia tu kuna dada anapika Jumamosi. Kwa hiyo tarehe 17 tutakuwa wanane, na sufuria yangu haitoshi. Nimekwenda kuazima ile kubwa kwa mama mwenye nyumba. Kaniuliza ni sherehe ya nani. Nikasema tumemaliza testi. Kaniangalia, akanipa na mwiko, akasema nimwachie bakuli moja, na nisiweke chumvi nyingi.