Dogo kapata dili la kucheza kikapu Bulgaria ila wakala anataka dola 700 kwanza, naombeni ushauri

Kaka_wa_Senta: Wakuu habari za majukumu. Nina bwana mdogo wangu, miaka 21, futi sita na inchi saba, anacheza senta ligi ya mkoa hapa Dar, mnaopita Donbosco Upanga jioni labda mshamuona. Wiki iliyopita kuna jamaa kamcheki Instagram, anajiita wakala, anasema ana nafasi Academic ya Sofia, yuro 1,800 kwa mwezi na nyumba juu ya timu. Kamtumia na historia ndefu ya klabu, sijui fainali za Ulaya, sijui makombe, dogo hata usingizi hapati. Sasa jamaa anataka dola 700 za kufungua faili kabla ya Ijumaa. Mkataba wenyewe ni picha ya simu, nembo imevutwa mpaka imekuwa bapa. Mama kashaanza kuulizia bei ya kuuza ng'ombe. Hii timu ipo kweli? Matusi hapana.

Rimu_Limepinda: Timu ipo mkuu, na historia si ya uongo, ndo maana inanasa. Academic walicheza fainali ya kwanza kabisa ya klabu bingwa Ulaya 1958, wakapigwa na ASK ya Riga, Latvia, 86-81 halafu 84-71, mwaka uliofuata wakafika fainali tena, Riga walewale, wakafa tena. Riga kocha Gomelsky, chini ya ringi kuna jitu linaitwa Krūmiņš zaidi ya mita 2.15, nani angepita pale. Lakini hesabu miaka, ni zaidi ya 60. Hiyo fainali hailipi mshahara wa dogo.

mtu wa kona: Na hela za Academic zilikuwa za Lukoil, kampuni ya mafuta ya Urusi. Enzi hizo walijiita Lukoil Academic, kuanzia 2003 ubingwa wa Bulgaria ukawa kama wao peke yao, Levski, timu nyingine ya Sofia, wakauvunja 2014, wakarudi wakabeba 2015, 2016 na 2017. Halafu mdhamini akahamia kwa hao hao Levski, ikawa Levski Lukoil na 2018 wakachukua ubingwa. Sasa wakala anayekuuzia timu kwa sifa za kabla mdhamini hajaondoka anakuuzia nyumba kwa picha za mwenye nyumba wa zamani.

Baridi_Kali: Nipo Sofia nasoma. Miaka ya karibuni ukitaja kikapu hapa watu wanakutajia Balkan ya Botevgrad, kamji kadogo kama saa moja kwa gari, zamani kalijulikana kwa kiwanda cha mabasi ya Chavdar. Walikaa toka 1989 bila ubingwa, wakaupata 2019, na baada ya hapo wamerudia tena. Rilski Sportist ya Samokov nao si wa kubeza, huko milimani karibu na Borovets wanakoteleza kwenye theluji. Sisemi dogo hawezi, Mbulgaria Glouchkov alitoka Akademik ya Varna akaenda Phoenix Suns 1985, wa kwanza NBA, ligi ya Marekani, kutoka upande ule wa wakomunisti. Ila hata Vezenkov, Mbulgaria bora wa sasa, kakulia Cyprus, kisha akacheza Aris ya Ugiriki, Barcelona, Olympiacos. Ligi ya hapa ni ya kujitafutia jina sio ya kutajirika.

ChupaYaMaji: Zama za Hasheem Thabeet wetu kule NBA kila mtu mrefu alikuwa na wakala 😂

Dada Kitengo: Tuache utani. Kaka, mawakala wenye leseni wanaorodheshwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tafuta jina lake. Wakala anakula asilimia baada ya mkataba kusainiwa, hakuna cha faili. Andikia klabu kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, sio hiyo uliyopewa. Uhamisho wa nje lazima shirikisho letu litoe barua ya ruhusa kwa mfumo wa FIBA, viza ya kukaa muda mrefu ni ya daraja D na makaratasi ya kazi klabu ndiyo inayoyaanzisha kule. Na mkataba ukija wa kweli hakikisha una kipengele cha BAT, mahakama ya usuluhishi ya kikapu, bila hicho wakikukopa mshahara utalia peke yako. Ng'ombe abaki zizini.

Kaka_wa_Senta: Asanteni sana wakuu. Nimempigia sasa hivi, sijamuuliza hata hela, nimemuuliza tu kocha wa timu anaitwa nani. Kasema mtandao unakata. Nimempigia tena, simu inaita haipokelewi, ila meseji ya kukumbusha Ijumaa imeingia. Dogo yuko Donbosco anarusha fri throo, bado sijamwambia.