Uwanja wa udongo wa Syracuse: ilikuwa halali kuubomoa bila kuwauliza wananchi?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Naleta mada ambayo hapa ninapoishi, Syracuse katika jimbo la New York, bado inachemka kila Oktoba ikiingia, ingawa uwanja wenyewe wa mbio za magari haupo tena.

Kwanza nieleze kilichobomolewa. Majimbo ya Marekani yana maonyesho ya kila mwaka, mfano wa Nanenane yetu: ng'ombe, mahindi, matrekta, mabembea, vyakula vya kukaanga. Ya New York ndiyo ya kwanza ya jimbo katika nchi nzima. Yalianza hapa Syracuse mwaka 1841, yakawa yanahama mji hadi mji, na tangu 1890 yana makao ya kudumu Geddes, pembeni tu ya mji. Zamani hizo maonyesho bila farasi hayakuwa maonyesho, kwa hiyo ikachongwa njia ya udongo ya maili 1, umbo la yai, kwa ajili ya farasi wanaokokota vigari vya mtu mmoja. Magari yalipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1900 yalikuta kila kitu tayari: njia, jukwaa, na watu waliozoea kukata tiketi. Viwanja vingi vya mbio vya Marekani vilizaliwa hivyo hivyo.

Lakini uzio unaomtosha farasi hauwezi kulizuia gari. Tarehe 16 Septemba 1911 tairi la gari la dereva Lee Oldfield lilipasuka, gari likavunja uzio na kuwavamia watazamaji. Watu wasiopungua 9 walikufa. Mwaka 1924 dereva Jimmy Murphy, bingwa wa mbio za Grand Prix ya Ufaransa ya 1921 na Indianapolis 500 ya 1922, aligonga uzio wa mbao papa hapa akafa. Siyafichi haya. Anayeupenda uwanja ule lazima aanze nayo.

Mwaka 1972 Glenn Donnelly alianzisha mbio za Oktoba ambazo zilikua hadi zikawa wiki nzima, Super DIRT Week. Familia zilikuja na nyumba zao za magurudumu, zikapiga kambi, babu, baba na mjukuu, mwaka hadi mwaka sehemu ile ile. Mafundi nao walifanya pale maajabu yao. Mwaka 1980 dereva Gary Balough alileta gari jeusi lililotengenezwa na Kenny Weld, limefunikwa pembeni hadi karibu na ardhi ili hewa inayopita chini ilivute gari lishike njia. Alishinda, na kanuni zikabadilishwa ili gari la namna ile lisirudi.

Nilikuwepo Oktoba 2015, wiki ya mwisho. Asubuhi maboza yanamwagilia, udongo unakuwa mzito na kunata. Magari yanaingia kona kwa ubavu, pua imeelekea ndani huku tairi za mbele zimekatwa kuelekea nje, na mabonge ya tope yanaruka hadi jukwaani. Moja lilidondoka kwenye kikombe changu cha kahawa. Mchana ukiiva, njia imekauka, imeng'arishwa na tairi, inateleza kama sakafu iliyomwagiwa mafuta, na mwendo unapita kilomita 200 kwa saa. Hapo ndipo unamjua dereva, na unamjua anayebebwa na injini. Mbio zilipokwisha, mzee wa jirani yangu aliinama akazoa udongo, akautia kwenye chupa ya maji. Chupa hiyo iko dirishani kwake hadi leo.

Sasa hoja yangu. Mwaka 2015 Gavana Andrew Cuomo alitangaza mpango wa dola milioni 50 wa kufufua viwanja vya maonyesho. Mbio zikapewa Oktoba moja tu ya kuaga. Januari 2016 jukwaa likalipuliwa kwa baruti. Kura ya wananchi haikuwepo.

Linganisheni na Nashville, Tennessee. Viwanja vya maonyesho vya huko vimekuwa na mbio za magari tangu 1904, zamani kwenye udongo, kisha mwaka 1958 kwenye njia fupi ya lami. Uongozi wa jiji ulipotaka kuvitumia kwa mambo mengine, wananchi walilipeleka suala kwenye sanduku la kura Agosti 2011, na takriban asilimia 71 wakasema vibaki, mbio zikiwemo. Na maendeleo hayakukwama, maana mwaka 2022 ulifunguliwa pale pale uwanja wa soka wa watu 30,000.

Sisemi uwanja wa mbio ni msikiti au kanisa usiguswe. Nasema ardhi ya umma iliyobeba kumbukumbu za zaidi ya miaka 100 haivunjwi kwa tangazo. Wananchi waulizwe kwanza. Karibuni mnipinge.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu, ila nakupinga. Gavana alichaguliwa kwa kura, na kazi ya aliyechaguliwa ni kuamua. Tukipiga kura kwa kila jukwaa lililochakaa, lini tutajenga? Tazama matokeo: mwaka 2016, maonyesho ya kwanza baada ya bomoabomoa, wageni walivuka milioni 1 na rekodi ya zamani ikavunjwa. Sehemu ya mabembea ilipanuliwa, na mwaka 2018 ukafunguliwa ukumbi mkubwa unaotumika kiangazi na kipupwe. Njia ya udongo ya maili nzima inakula eneo kubwa mno, na kilele chake kilikuwa wiki moja ya Oktoba. Mimi nina watoto watatu. Nawapeleka maonyesho kila mwaka, na mbio sikuwahi kuzitazama.

MCHANGIAJI WA PILI

Na mbio hazikufa jamani. Zilihamia Oswego, kaskazini, kando ya Ziwa Ontario. Uwanja ule ni wa lami, ila kwa ajili ya wiki hiyo malori yanaleta udongo wa mfinyanzi, unatandazwa juu ya lami, unashindiliwa, magari yanakimbia, kisha unazolewa wote. Nimeenda. Utamu upo.

MTOA MADA

Ndugu wa kwanza, hoja ya wageni milioni 1 ni nzito na siikwepi. Lakini angalia ilivyokaa. Inathibitisha kwamba maonyesho yalihitaji fedha na matengenezo, haithibitishi kwamba wananchi hawakustahili kuulizwa. Illinois wana njia mbili za maili moja kwenye viwanja vya maonyesho, Springfield na DuQuoin, na magari bado yanakimbia kwenye udongo huku maonyesho yakiendelea. Pengine watu wa hapa wangeulizwa wangesema bomoa. Ningeshindwa, ningenyamaza.

Ndugu wa pili, Oswego nakwenda na mimi, na wale vijana wa malori wanastahili pongezi. Ila ule si mzunguko wa maili 1. Syracuse injini ilipumua kwenye njia ndefu iliyonyooka hadi ukaanza kuiogopa, ndipo kona ikaja. Njia ikiwa fupi, mchezo unakuwa mwingine. Hata dereva anapanga mafuta na tairi kwa hesabu nyingine.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi niko Nashville. Mtoa mada ametusifia kura ya 2011, na ni kweli tulipiga, mimi nilipiga kuunga mkono. Lakini msidhani kura ilimaliza kesi. Nyumba mpya zimejengwa hadi karibu na uzio, wenye nyumba wanalalamikia kelele, wengine wanataka pajengwe makazi ya bei nafuu, na hoja hiyo siwezi kuidharau kwa kodi tunazolipa sasa. Swali langu kwa mtoa mada: wakiitisha kura nyingine kesho, na safari hii wengi wakasema ondoeni, utasimama na wananchi au na uwanja?

MTOA MADA

Nitasimama na wananchi. Itaniuma sana, na siku ya baruti nitakuja huko nisimame kando ya mzee atakayekuwa anazoa udongo wake. Lakini nitakubali.