Tuliosomea maabara Unguja na Pemba, tupeane uzoefu: kazi ilikuingiaje mkononi?

Dada wa Chake
Asalaam alaykum. Mdogo wangu kapata nafasi ya diploma ya maabara ya tiba, mwezi ujao anavuka kwenda Unguja. Kila akiniuliza "dada, kuna nini huko?" najikuta namweleza habari za chumba na nauli ya boti, na yeye anataka kujua kazi yenyewe. Naomba tuliopita tuandike. Naanza mimi.

Mimi iliyonitesa ni malaria. Kwetu maambukizi yake yameshuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa, Alhamdulillahi, lakini mwanafunzi ataviona wapi vimelea? Tulisomea vioo vya hadubini vya akiba, vyenye damu iliyopakwa zamani, rangi imeshafifia, kila darasa limevipitia. Nikavikariri. Nilijua kioo cha tatu kina pete karibu na mkwaruzo. Mwalimu alipogundua akabandua namba zote akavichanganya, nikapata 3 kati ya 10. Nililia siku ile.

Halafu nikaenda fildi, mafunzo ya vitendo hospitalini. Akaja kijana karudi kutoka bara juzi, ana homa. Msimamizi akanambia: "Tengeneza wewe." Nikaweka matone mawili ya damu yake, tone nene na tone jembamba, kwenye kioo kimoja. Wakati wa kuligandisha jembamba kwa methanoli nikainamisha kioo vibaya, methanoli ikachuruzika mpaka kwenye lile nene. Nikaona, nikanyamaza. Nikatia rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10, nikaosha.

Wenye kujua wameshajua kilichotokea. Tone nene haligandishwi, seli nyekundu zinatakiwa zipasuke ndani ya rangi ili vimelea vibaki wazi. Zangu ziliganda zote. Nikapitia maeneo 100 ya hadubini kama tulivyofundishwa, sikuona kitu. Tone jembamba nalo kimya. Kwa karatasi nilikuwa nimetimiza, ningeweza kuandika "hakuna vimelea" na yule kijana akaenda zake na homa yake.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikainuka nikamwambia msimamizi nilichokifanya. Hakunigombeza. Akamwita kijana, tukamchoma kidole upya, safari hii nikatenganisha: kioo hiki nene, kile jembamba. Vimelea 14 kwa seli nyeupe 200. Vichache, lakini vipo. Mdogo wangu nataka ajue hili kabla hajajua jina la bakteria hata mmoja.

Mtu wa Konde
Dada umenikumbusha. Mimi fildi yangu ilikuwa ya skuli, kuzunguka na timu ya kupima minyoo na kichocho. Pemba hatuna haja ya kutafuta mbali: Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo pale Wawi tangu mwaka 2000, na sehemu kubwa ya kazi yake ni hiyo hiyo.

Kwa choo tulitumia Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo. Unachuja, unajaza kitundu cha kibao kinachobeba miligramu 41.7, unafunika kwa karatasi ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, unahesabu mayai na kuzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja. Hesabu nyepesi. Kinachosumbua ni saa. Mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba, gliserini ikishayaingia hayaonekani tena, kwa hiyo usipoyasoma ndani ya saa moja yanakupotea. Mimi nilikwenda kusali na kula, nikarudi, nikaandika watoto sita hawana safura. Mkubwa wangu alikuwa ameshavisoma vioo viwili kati ya hivyo kabla sijatoka, na vyote vilikuwa na safura. Tukalazimika kurudi skuli kesho yake kuomba choo upya.

Kichocho ndicho kilichonifanya niipende kazi. Mkojo mililita 10 unapitishwa kwenye kichujio, tena uwe wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Mtoto mmoja wa darasa la nne alileta kikopo chenye mkojo mwekundu na hakushituka, akanambia kaka zake wote walikojoa hivyo na yakaisha. Nikamwita aangalie mwenyewe kwenye hadubini. Yai la kichocho lina mwiba mkiani, ukiliona mara moja hulisahau. Akauliza: "Hili limo ndani yangu?" Akapewa dawa ya kichocho, prazikwanteli, siku ile ile, na jioni akatupeleka kwenye kijito wanachoogelea.

Mama Watatu
Wanangu, mimi nilirudi kusoma nina miaka 34, ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mikarafuu ya marehemu baba. Hadubini haikunishinda. Kilichonishinda ni majina.

Mnajua Pemba tunavyoitana. Jina la mtoto, la baba na la babu, yote matatu, unaweza kuyakuta kwa watu watatu katika wodi moja. Nilipokuwa fildi nilichukua damu ya wazee wawili wenye majina sawa, nikaziacha chupa mezani niandike baadaye. Nilipogeuka sikujua ipi ya nani. Zilikuwa za kulinganisha kwa ajili ya kuongezewa damu! Nilizimwaga zote mbili nikarudi kitandani kuomba radhi. Mmoja wao, bibi mzee mwenye mishipa membamba, alinipa mkono wa pili bila neno. Tangu hapo naandika palepale mbele ya mgonjwa, na nauliza umri na shehia hata kama namjua mpaka kwao.

Mkoani Kwetu
Mie nilijichoma sindano mwaka wa pili, nilikuwa nairudishia kifuniko. Usirudishie kifuniko, iende moja kwa moja kwenye boksi la sindano. Na ikitokea, osha kwa maji na sabuni na utoe taarifa saa ile ile. Dawa za kinga ya VVU hazingoji, mwisho ni saa 72. Mimi niliona haya, nikasema siku ya pili. Usiku ule sikulala.

Kidato cha Nne Micheweni
Shikamooni. Nina D ya Fizikia, C ya Kemia na C ya Baiolojia. Naweza kuomba?

Dada wa Chake
Marahaba mdogo wangu. Zinatakiwa D nne au zaidi kwenye masomo yasiyo ya dini, na hayo matatu lazima yawemo. Ukiwa na la nne, unaweza. Ni miaka mitatu, ngazi ya 4 mpaka ya 6 za mafunzo ya ufundi (NTA). Kwetu wengi tumepita chuo cha afya cha Mbweni, siku hizi kiko chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Kidato cha Nne Micheweni
La nne ni Kiswahili, B. Lakini sijawahi kugusa hadubini. Skuli kwetu ilikuwepo moja, imefungiwa kabatini.

Mama Watatu
Hata mimi sikuwahi, mwanangu. Omba.